Kiambishi Si Cheti cha Ukoo: Maoni Kuhusu Viambishi Tamati vya Kimongolia na Kinivkh

1.0 Utangulizi

Katika mjadala wa muda mrefu juu ya asili ya Kiswahili, hoja iliyowafaa wanaisimu kuliko nyingine yoyote ni hoja ya viambishi. Waliodai kwamba Kiswahili ni Kiarabu kilichochakaa, au kwamba ni lugha chotara isiyokuwa na kwao, walitaja maneno: kitabu, sahani, habari, wakati. Waliowajibu walitaja m-tu na wa-tu, ki-ti na vi-ti, pig-a, pig-i-a, pig-an-a na pig-an-ish-a. Msamiati, walisema, huazimwa sokoni. Sarufi hurithiwa nyumbani. Hoja hiyo ilishinda, na ilistahili kushinda.

Hata hivyo, ushindi huo umeacha nyuma yake mazoea yasiyokuwa ya kisayansi. Aghalabu mwanafunzi wa isimu hutoka darasani akiamini kwamba lugha mbili zikifanana kwa viambishi, basi ni ndugu. Hufundishwa pia kwamba Kiswahili, Kituruki na Kimongolia ni lugha ambishi-bainishi, na mara asikiapo hivyo huuliza kama wazee wa lugha hizo waliwahi kuwa pamoja. Swali lake si la kijinga. Linatokana na jibu la nusu alilopewa.

Makala haya yanadai kwamba kiambishi, kikitazamwa peke yake, hakithibitishi undugu wa lugha yoyote, na kwamba kila kiambishi hakina budi kusomwa kwanza ndani ya mfumo wake. Hoja inajengwa kwa kutumia lugha mbili za Asia, yaani Kimongolia na Kinivkh. Lugha hizi zimechaguliwa kwa kuwa ziko mbali na mabishano ya Afrika Mashariki, na msomaji ataweza kuzihukumu bila upendeleo. Baadaye hukumu hiyo itarejeshwa nyumbani.

2.0 Viambishi tamati vya Kimongolia

Kimongolia husemwa na mamilioni ya watu katika nchi ya Mongolia na katika eneo la Mongolia ya Ndani nchini China. Ni lugha yenye maandishi tangu karne ya 13. Mongolia iliamua kutumia hati ya Kisiriliki katika miaka ya 1940, na sheria ya lugha ya mwaka 2015 iliuweka mwaka 2025 kuwa mwanzo wa kutumia hati hiyo pamoja na hati ya jadi katika shughuli za serikali. Mifano iliyo hapa chini inatokana na lahaja ya Khalkha, ambayo ndiyo msingi wa lugha sanifu ya Mongolia.

Kimongolia hakina viambishi awali kama vile vya Kibantu. Mzizi hutangulia, na mambo yote ya kisarufi hufuata nyuma yake. Neno ger lina maana ya nyumba, hasa lile hema la duara la wafugaji. Kutokana nalo hupatikana gert, ‘nyumbani’, na gerees, ‘kutoka nyumbani’. Vipashio vinaweza kupangwa kwa foleni: ger-üüd-ees-ee ni ‘kutoka katika nyumba zake mwenyewe’, ambapo -üüd ni kiambishi cha wingi, -ees ni cha utokako, na -ee huonyesha kwamba mwenye nyumba ndiye kiima cha sentensi. Kila kipande kina kazi yake, na mipaka yake ni bayana. Ndiyo maana lugha hii hutolewa katika vitabu kuwa kielelezo cha lugha ambishi-bainishi.

Sifa ya pili ni tangamano la irabu. Kiambishi cha utokako kina maumbo manne, na umbo huchaguliwa na irabu za mzizi: akh, ‘kaka mkubwa’, hutoa akh-aas, ger hutoa ger-ees, nom, ‘kitabu’, hutoa nom-oos, na khöl, ‘mguu’, hutoa khöl-öös. Mswahili hataona ugeni mkubwa hapa, maana yeye mwenyewe husema pig-i-a, kat-i-a na fung-i-a, lakini som-e-a na chek-e-a.

Jambo la maana zaidi kuliko maumbo ni kazi. Kimongolia kina kiambishi cha yambwa, -yg au -iig, lakini si kila yambwa hukichukua. Bi nom unshsan ni ‘nilisoma kitabu’, kitabu chochote kile. Bi ene nomyg unshsan ni ‘nilikisoma kitabu hiki’. Kiambishi hutokea pale yambwa inapokuwa mahususi. Tofauti hiyohiyo Kiswahili huionyesha kwa kiambishi awali cha yambwa ndani ya kitenzi, -ki- ya nilikisoma. Dhana moja imepata makao mawili: huku nyuma ya nomino, kule ndani ya kitenzi. Vivyo hivyo, kitenzi ir-, ‘ja’, kikichukua -jee ya wakati uliopita, hudokeza kwamba msemaji hakulishuhudia jambo bali amelijua baadaye: irjee hukaribia ‘kumbe amekuja’, ilhali irlee husemwa na mtu aliyejionea mwenyewe. Kilicho neno huru katika Kiswahili ni kiambishi katika Kimongolia.

3.0 Viambishi vya Kinivkh

Wanivkh, ambao zamani waliitwa Wagilyak, huishi katika bonde la chini la mto Amur na katika kisiwa cha Sakhalin, mashariki ya mbali ya Urusi. Ni jamii ya wavuvi na wawindaji. Lugha yao haijathibitishwa kuwa na ndugu yeyote, na lahaja za Amur na za mashariki mwa Sakhalin zimetengana kiasi kwamba wako wanaisimu wanaozihesabu kuwa lugha mbili. Lev Shternberg aliianza kazi ya kuichunguza alipokuwa mfungwa wa kisiasa Sakhalin kati ya 1889 na 1897. Yerukhim Kreinovich aliiendeleza tangu miaka ya 1920, na V. Z. Panfilov alitoa sarufi yake ya juzuu mbili mwaka 1962 na 1965.

Kwa mtazamo wa haraka, Kinivkh nacho ni lugha ya viambishi tamati. Wingi huonyeshwa kwa kiambishi, nao uhusika wa nomino katika tungo, kama vile mahali, utokako na ala, huonyeshwa hivyo hivyo. Kitenzi vi-, ‘enda’, hutoa vi-d’ na, kwa wakati ujao, vi-nə-d’. Mwanafunzi mwenye haraka angeishia hapo, akaandika ‘ambishi-bainishi’ na kufunga daftari.

Akikaa kidogo, ataona kwamba kiini cha Kinivkh kiko kwingine. Kiambishi cha wingi kina maumbo manne: -ku, -xu, -gu na -ɣu. Cha ala nacho kina manne: -kir, -xir, -gir na -ɣir. Yaliyobadilika hapa ni konsonanti ya mwanzo wa kiambishi, ilhali irabu imetulia. Kitabu maarufu cha Kreinovich cha mwaka 1973 kinaitwa kwa neno lenye kiambishi hicho: Nivkhgu, yaani nivkh, ‘mtu’, na -gu ya wingi. Katika Kimongolia mzizi huamuru irabu ya kiambishi. Katika Kinivkh mpaka wenyewe ndio unaoamuru konsonanti.

Tena mabadiliko hayo hayaishii kwenye viambishi. Neno kamili likiifuata nomino inayolifafanua, konsonanti yake ya kwanza inaweza kubadilika. Baada ya irabu au kipasuo, kipasuo cha mwanzo wa neno la pili hugeuka kuwa kikwamizo. Baada ya kikwamizo au nazali hubaki kilivyo. Kitenzi na yambwa yake navyo huungana kwa kanuni ya namna hiyohiyo, ingawa mwelekeo wake hauwi uleule. Ndiyo maana Kreinovich aliona kwamba yambwa na kitenzi hufanya neno moja, na Panfilov akakataa katakata. Ubishi wao haukuwa wa majina tu. Swali lilikuwa hili: katika lugha ambayo sauti za maneno mawili zinashikana hivi, neno linaishia wapi na kiambishi kinaanzia wapi?

Swali hilo lapasa kumkumbusha msomaji kwamba mwandiko si shahidi wa kutegemewa. Hati ya jadi ya Kimongolia huviandika viambishi vya uhusika mbali kidogo na nomino, lakini Kisiriliki huviunganisha. Kiswahili huandika nampenda kwa neno moja. Kisotho, ndugu yake wa Kibantu, huandika ke a mo rata kwa maneno manne. Hakuna aliyedai kwamba sarufi za lugha hizo hutofautiana kama nafasi zilizomo katika maandishi yake.

4.0 Nyumba ya baba

Mfano mmoja unatosha kuonyesha umbali uliopo kati ya lugha hizi mbili. Kimongolia husema aavyn ger, ‘nyumba ya baba’. Aav ni baba, na -yn ni kiambishi cha umilikishi. Kinivkh cha Amur husema ətək rəf. Ətək ni baba, na nyumba ikiwa peke yake huitwa təf. Hakuna kiambishi cha umilikishi katika lugha nzima. Maneno mawili yamewekwa sambamba, na uhusiano wao unasikika katika t iliyogeuka kuwa r. Kwa wasemaji wa lugha hiyo, sauti moja imefanya kazi ambayo Kimongolia kimeipa kiambishi, na ambayo Kiswahili kimeipa kihusishi -a chenye upatanisho wa ngeli.

Pengo hilo halikutokea kwa bahati mbaya. Kinivkh hakina pia kiambishi cha yambwa, kwa sababu yambwa husimama mbele ya kitenzi na kushikana nacho. Wahusika wawili ambao Kimongolia huwapa viambishi vyao ndio hasa ambao Kinivkh huwaacha watupu. Kadhalika, Kinivkh huonyesha mmilikaji aliye kiwakilishi kwa kiambishi awali, jambo ambalo halimo kabisa katika Kimongolia. Na katika vitenzi tegemezi Kinivkh hufanya jambo la ajabu: kitenzi kikuu hakionyeshi nafsi, kwa kuwa nyi vid’, chi vid’ na if vid’ ni ‘mimi’, ‘wewe’ na ‘yeye’ kwa kitenzi kilekile, lakini kitenzi tegemezi huishia kwa -r kama kiima ni nafsi ya pili au ya tatu umoja, na kwa -t kama ni nafsi ya kwanza au wingi wowote. Upatanisho umekimbia kitenzi kikuu ukajificha katika kile kinachokitegemea.

Yupo pia msomaji wa Kiswahili atakayefurahia hesabu. Kimongolia huacha nomino katika umoja baada ya namba: gurvan nom, ‘vitabu vitatu’, bila kiambishi chochote. Kinivkh kina zaidi ya seti 20 za namba, na seti huchaguliwa kwa kitu kinachohesabiwa: watu, wanyama, mashua, sleji, nyavu, mafungu ya samaki waliokaushwa. Aliyezoea kusema mtu mmoja, kiti kimoja na jiwe moja ataielewa hamu ya lugha hii ya kuuliza, kabla ya kuhesabu, ‘kitu gani?’ Hata hivyo hatasema kwamba Wanivkh wana ngeli za Kibantu.

Kuziweka lugha hizi mbili katika chumba kimoja chenye kibandiko cha ‘ambishi-bainishi’ ni kusema kweli kidogo na kuficha kweli kubwa.

5.0 Mtego wa mfanano

Kuna waliokwenda mbali zaidi ya kibandiko. Katika karne ya 19 lugha nyingi za Asia ya kaskazini zilikusanywa katika ukoo mmoja kwa sababu kuu mbili, ambazo ni kufuatana kwa viambishi tamati na tangamano la irabu. Nadharia ya ukoo wa Kialtai, inayounganisha Kimongolia na lugha za Kituruki na za Kitungusi, imepingwa vikali tangu Gerard Clauson alipoikosoa mwaka 1956, na hadi leo wataalamu hawajapatana. Mwaka 2000 Joseph Greenberg alitoa juzuu ya sarufi ya kitabu chake juu ya ukoo alioupa jina la Eurasiatic. Ndani yake aliviweka Kimongolia na Kinivkh pamoja na lugha za Kihindi-Kiulaya, na ushahidi wake mkubwa ulikuwa mofimu za kisarufi zinazofanana. Greenberg ndiye yuleyule ambaye uainishaji wake wa lugha za Afrika, uliotoka mwaka 1963, husomwa katika kila idara ya Kiswahili. Kwa hiyo jambo hili si la mbali kama linavyoonekana.

Mfanano upo, na ni uongo kuukana. Wewe katika Kimongolia ni chi. Katika Kinivkh ni chi pia, yenye mpumuo. Nani asingeshawishika? Lakini Kinivkh husema nyi kwa ‘mimi’, nacho Kiswahili husema ni- katika ninakwenda. Ikiwa chi mbili zinatosha kuwafanya Wamongolia na Wanivkh kuwa ndugu, kwa haki gani Mswahili atafukuzwa katika karamu hiyo? Ikiwa tangamano la irabu ni alama ya damu, kwa nini someka na pigika zisiipeleke Pwani hadi Ulaanbaatar? Hakuna mwanaisimu atakayekubali hitimisho hilo. Basi na akatae pia njia iliyolifikia.

Sababu ya mfanano wa namna hii si fumbo. Viambishi ni vifupi; vingi vina konsonanti moja na irabu moja. Konsonanti zinazopendwa na lugha za dunia katika nafasi hizo si nyingi: n, m, t, d, k, l. Anayelinganisha lugha mbili zenye viambishi vingi, akaruhusu maana ilegee kidogo na sauti ilegee kidogo, hatakosa cha kuokota. Zaidi ya hayo, sura ya leo haisemi ya jana. Chi ya Kimongolia imetokana na *ti ya kale, maana katika lugha hiyo t iligeuka kuwa ch mbele ya i. Anayeilinganisha na Kinivkh hana budi kulinganisha umbo la kale, na upande wa Kinivkh hakuna maandishi ya kale ya kumwongoza.

Tena kuna suala la ujirani. Mwaka 1413 nguzo ya mawe ilisimamishwa huko Tyr, karibu na mdomo wa Amur, katika nchi ya Wanivkh, nayo iliandikwa kwa Kichina, Kimongolia na Kijurchen. Mahali ambapo maandishi ya lugha yamefika, maneno nayo yanaweza kuwa yamefika. Undugu ukidaiwa bila kutenga kwanza yaliyoazimwa, mkopo utahesabiwa urithi.

6.0 Kwa nini hoja ya Kibantu inasimama

Msomaji makini atauliza: ikiwa viambishi havithibitishi undugu, je, hoja ya asili ya Kiswahili haiporomoki? La hasha. Inapasa tu ielezwe kwa ukamilifu wake.

Kiswahili hakikuhesabiwa kuwa cha Kibantu kwa sababu kina wa- na lugha nyingine ina kitu kinachosikika kama wa-. Kilihesabiwa hivyo kwa sababu mfumo mzima wa ngeli, umoja na wingi wake na upatanisho wake, umo katika mamia ya lugha, na kwa sababu hata pale umbo linapotofautiana, tofauti ina kanuni. Watu wa Kiswahili ni abantu wa Kiganda. Vitu ni ebintu. Wa- na ba- hazifanani sana kwa sikio, wala vi- na bi-, lakini hulingana tena na tena, katika nomino, katika vivumishi na katika vitenzi. Bleek alipolinganisha mifumo ya ngeli katika miaka ya 1860, na Meinhof alipotafuta kanuni za sauti mwaka 1899, walikuwa wakitafuta ulinganifu wa aina hii. Nguvu ya ushahidi imo katika mpangilio. Mwangwi wa sauti moja hauna nguvu hiyo.

Ushahidi wa namna hii haujapatikana kati ya Kimongolia na Kinivkh. Michael Fortescue, aliyejaribu mwaka 2011 kukiunganisha Kinivkh na lugha za Kichukotka-Kamchatka, alijitahidi kujenga hoja yake juu ya ulinganifu wa sauti, na bado wenzake hawajaafikiana naye. Hilo ni fundisho: hata juhudi ya uangalifu inaweza kuishia katika shaka, seuze ile ya kuokotaokota.

Anayeitetea asili ya Kiswahili kwa kusema tu ‘viambishi vyake ni vya Kibantu’ amewapa wapinzani silaha. Kesho atatokea mwingine na orodha ya viambishi vilivyookotwa kwingine, naye atakosa la kumjibu, kwa sababu wote wawili watakuwa wametumia mizani moja mbovu.

7.0 Hitimisho

Yapo mambo mawili yanayotokana na maoni haya. La kwanza linahusu ufundishaji. Kozi za isimu linganishi katika vyuo vya Afrika Mashariki zingefaidika kama mwanafunzi angepewa aavyn ger, ətək rəf na nyumba ya baba katika somo moja, kabla ya kupewa jina lolote la aina za lugha. Aulizwe kila uhusiano umeonyeshwa kwa nini, umbo linaamuliwa na nini, na lugha ingepoteza nini kama umbo hilo lingeondolewa. Akishayajibu hayo, istilahi itamfaa. Akianza na istilahi, hatauliza tena.

La pili ni zito zaidi. Sensa ya Urusi ya mwaka 2010 iliwahesabu Wanivkh 4,652, na waliosema kwamba wanaijua lugha walikuwa 198 tu. Alfabeti yake ya kwanza ilitungwa mwanzoni mwa miaka ya 1930, ikabadilishwa kuwa ya Kisiriliki mwaka 1953. Gazeti la Nivkh Dif lilianzishwa Sakhalin mwaka 1990. Na Galina Otaina, aliyekuwa Mnivkh na mwanaisimu, aliishughulikia sarufi ya lugha ya mama yake hadi kufa kwake. Kazi hiyo inahitaji watu wa kusikiliza, na muda wake ni mfupi. Mamia ya kurasa yameandikwa kuuliza Kinivkh ni ndugu wa nani. Wanaoweza kueleza kwa nini t ya təf hugeuka r mlangoni kwa baba wanapungua mwaka hadi mwaka, na wakiondoka wao, hakuna jedwali la mifanano litakaloirudisha kanuni hiyo. Swali la ukoo linaweza kungoja. Wazee wa Amur na Sakhalin hawawezi.